Nyekundu Amepona, Nyeusi Ameliwa

Ukifika Mkolani ukamuulizia Venant fundi TV, watakuonyesha nyumba, halafu watakuambia, "Usigonge mlango. Gonga dirisha." Mlango wa chumba chake cha kazi hauwezi kufunguka hata nusu. Nyuma yake zimepangwa kanda za video kutoka sakafuni hadi darini, nene kwa nyembamba, nyingine za aina ambayo deki zake zilishakufa kabla fundi mwenyewe hajaoa. Kuna pia diski pana kama sinia, ambazo ukizigeuza zinakurudishia uso wako umejaa rangi za upinde wa mvua. Juu ya kabati zimelala bunduki za plastiki kumi na moja, nyingine hazina vitako.

Zote hizo ni michezo. Si filamu. Hapo ndipo watu walipokuwa wanakwama. Venant alishaeleza mpaka akachoka, kwamba kabla ya haya mambo ya kwenye simu kulikuwa na michezo iliyorekodiwa kwenye kanda. Unaweka kanda kwenye deki, picha inakwenda, wewe umekaa na bunduki unalenga kioo. Adui anakuja na alama inayowakawaka, ukiipata bunduki inalia na kukuandikia pointi.

"Na ukimkosa?" Chenge kinyozi alimuuliza siku moja.

"Picha inaendelea."

"Na ukimpata?"

"Inaendelea vilevile. Kanda haikusubiri wewe. Inakwenda mpaka mwisho wake."

"Sasa fundi, huo ni mchezo au ni maisha ya Mkolani?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Venant naye akacheka kidogo, kwa adabu, akarudi dirishani kwake.

Evelina, mkewe, alikuwa hacheki. Kila masika Venant anafunga mchele kwenye vitambaa na kuupachika katikati ya kanda, unyonye unyevu, maana hewa ya ziwa inaotesha ukungu mweupe kwenye utepe kama ukungu wa mkate. "Nyumba hii kanda zinakula wali," Evelina alikuwa akisema, "watoto wa watu wanakula ugali." Mara mbili alitishia kuzichoma. Hakuzichoma, kwa sababu ya mama mkwe wake.

Bibi Odeta, mama yake Venant, alilala chumba cha nyuma. Alikuwa amevuka themanini, mwembamba, mkimya, mtu wa Ukerewe aliyekaa Mwanza miaka hamsini na bado akisalimiana kwa Kikerewe na kuku. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyejua kwamba Venant hakuwa anakusanya kanda mia nne. Alikuwa anatafuta moja. Hizo nyingine zilikuja tu, kama mtu aliyetega sangara akaopoa visamaki vya furu.

Mwaka 1989 Venant alikuwa na miaka kumi na tisa, akifanya kazi kwenye duka la video la Kishore, pale mjini. Kishore alikuwa mtu wa vituko. Ndugu zake walikuwa wanauza vitambaa na vipuri, yeye akauza ndoto. Alileta seti moja ya mchezo wa kanda kutoka ng'ambo, watu wakapanga foleni kupiga ndege za Wazungu kwenye kioo. Baada ya miezi miwili walishaizoea kanda ile mpaka wakawa wanapiga wamefumba macho. Kishore akakuna kidevu.

"Venu," akasema, "Wazungu iko na ndege. Sisi iko na mamba. Tunatengeneza yetu."

Wakatengeneza. Walikwenda Luchelele, kwenye mawe ya ufukweni, na kamera ya harusi. Mamba alikuwa gogo lililovishwa gunia, mgongoni amefungwa taa ya indiketa ya gari na betri ndani ya kopo, iwe inawakawaka ili bunduki iione. Alitakiwa msichana wa kuchota maji. Venant akamleta mdogo wake, Suzana, miaka kumi na sita, gauni la njano, ndoo kichwani. Aliifanya kazi ile kwa soda mbili na sifa.

Kishore alitengeneza kanda tatu. Ya kwanza ndiyo mchezo wenyewe: Suzana anaonekana mgongo tu, anatembea kwenda majini, na mamba anajitokeza huku na kule, mchezaji anampiga. Ikiisha, Venant anasoma pointi kwenye bunduki. Zikifika ishirini, anaweka kanda yenye karatasi nyekundu: Suzana anaibuka majini, maji yanamchuruzika, anageukia kamera na kucheka. Zisipofika, anaweka yenye karatasi nyeusi: Suzana anageuka ghafla, anapiga kelele, anavutwa chini, na maji yanafunga.

"Wewe ndiye Mungu hapa dukani," Kishore alimwambia. "Nyekundu amepona, nyeusi ameliwa. Usikosee."

Hakukosea, isipokuwa siku moja. Mwaka 1991, Jumamosi, Suzana alikuja dukani na wenzake watatu, akashika bunduki mwenyewe, akapiga pointi ishirini na moja. Wenzake wakaruka. Venant, utani wa kaka kwa dada, akaficha nyekundu nyuma na kuweka nyeusi. Wasichana wakacheka mpaka wakakaa chini. Suzana akampiga kaka yake kofi la mgongo. "We kaka! Pointi nimefikisha, na bado umeniua!"

Jumatano iliyofuata alipanda mtumbwi kwenda kumsalimia shangazi Ukerewe. Upepo uliwakuta njiani. Walipatikana watu saba, Suzana hakupatikana. Wazee walikaa, wakangoja siku zilizotakiwa kungojwa, wakazika mgomba badala yake. Kaburi lipo, Ukerewe, na ndani yake kuna shina la mgomba limevikwa gauni. Picha yake hakuna. Ile moja ya shule alikuwa nayo kwenye mkoba.

Habari za kanda nyeusi zilimfikia Bibi Odeta matangani, kupitia wale wasichana. Hakugomba. Alimwambia Venant neno moja tu: "Ile kanda usije ukaiweka mbele ya macho yangu." Baada ya miaka, Kishore alipofunga duka na kuhamia Kanada, ambako alifia, vitu vyake vilikwenda huku na huku. Venant alifanikiwa kupata kanda ya kwanza, na ile nyeusi. Nyekundu ilikuwa imeuzwa ndani ya mzigo mmoja, kwa mtu asiyejulikana.

Ndiyo akaitafuta miaka ishirini na mitano.

Halafu macho ya bibi yakaanza kuzimika. Presha ya macho, daktari alisema, na jicho lililokwishaharibika halirudi. Jicho la kulia lilikuwa giza tupu. La kushoto lilibakiza tundu dogo, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akikaribia kitu kabisa, kikiwa na mwanga, anakiona. Daktari alisema masika hayataisha kabla nalo halijazima.

Jioni ya siku ile Bibi Odeta alimwita mwanawe, akamwambia bila kumtazama, "Venanti. Uso wa mtoto unanipotea. Nikilala naona gauni tu. Nataka nimwone anatoka majini, mara moja, halafu haya macho yaende yanakokwenda."

Wiki ya tatu ya mwezi wa tatu, simu ikaita. Alikuwa mtu aitwaye Shimba, wa Kisesa.

"Mwangaluka, fundi! Wewe ndiye unayetafuta kanda za Mhindi?"

"Ndiyo mimi."

"Marehemu baba alikuwa na banda la video. Nimefungua sanduku lake la bati leo. Kuna moja ina karatasi nyekundu."

Venant alikaa chini palepale, kwenye mfuko wa nyaya.

Alifika Kisesa Jumamosi asubuhi. Shimba alikuwa jitu kubwa lenye sauti ya mnadani, na hakutaka pesa. Alitaka redio ya baba yake iimbe tena. Venant aliifungua redio hapo hapo uani, akaunga waya mmoja, akabadilisha kipuri kimoja, ikaimba. Shimba akapiga kofi la furaha. "Nilidhani utaniomba wiki mbili kama mafundi wengine!" Akaenda ndani, akarudi na kanda.

Karatasi ilikuwa imefifia, imekuwa kama damu ya zamani, lakini mwandiko ulikuwa wa Kishore: AMEPONA. Kisesa ni kukavu, hakuna hewa ya ziwa. Haikuwa na ukungu hata chembe. Ila Venant alipoigeuza, akaisogeza karibu na macho. Kwenye kile kidirisha kidogo cha ubavuni kilichovunjwa ili kanda isirekodiwe juu yake, mtu alikuwa amebandika selotepu.

"Baba alikuwa anarekodia mpira," Shimba akasema. "Lakini hiyo sijui. Nyingine alibandika na hakuzitumia."

Njia nzima mpaka Mkolani Venant alikuwa kama mtu aliyebeba yai moto. Alipofika hakula. Aliingia chumbani, akaweka kanda kwenye deki, ile moja iliyokuwa bado nzima, akabonyeza.

Yakatokea maji. Maji ya Luchelele, ya kijivu, na jiwe upande wa kushoto. Sauti ya Kishore, hai kabisa, ikahesabu, "Moja, mbili..." Maji yakaanza kuchemka pale karibu na jiwe, na kitu kama gauni kikawa kinapanda kutoka chini.

Venant akazima.

Hellen, binti yake mkubwa, alikuwa dirishani anamtazama. "Baba, mbona umezima? Ndiyo yeye anatoka!"

"Siyo haki yangu kuwa wa kwanza. Kesho, baada ya misa, bibi yako ndiye atamwona."

"Basi ipeleke kwanza Nyegezi, kwa yule kaka anayehamishia kanda kwenye kompyuta. Ikikatika je?"

"Jumatatu," Venant akasema. "Kwanza mama aone."

Jumapili baada ya chakula walimtoa Bibi Odeta. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Evelina, aliyekuwa hajakanyaga chumba kile mwaka mzima, ndiye aliyesogeza maboksi kupata nafasi, akamweka mama mkwe wake kwenye kigoda, magoti yakigusa meza ya TV, uso shubiri moja na kioo.

"Sasa, mama," Venant akasema, "naiweka."

"Ngoja," bibi akasema. "Fanyeni kama inavyofanywa. Hellen apige kwanza. Safari hii ikiwekwa nyekundu, iwe ni haki yake."

Venant akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu.

Akampa mama yake kanda nyekundu aishike, isije ikachanganyika na nyingine. Bibi akaipakata kwa mikono miwili, akawa anaisugua kwa kidole gumba kama anavyosuguliwa mtoto mgongoni. Venant akaweka kanda ya kwanza. Hellen akashika bunduki yenye kitako.

Suzana akatembea kwenda majini, mgongo kwao, ndoo kichwani. Gogo la gunia likajitokeza, taa ikawakawaka, Hellen akapiga, bunduki ikalia.

"Hilo ndilo mamba?" Evelina akashindwa kujizuia. "Si mfuko wa mkaa huo!"

"Mama, unanitoa kwenye shabaha!"

"Piga, mwanangu, piga, mfuko unakula watu!"

Wakacheka, hata Venant. Bibi naye akatabasamu, uso kwenye kioo. "Nguo ilikuwa njano," akasema. "Mbona hapa ni kijani?"

Ni kweli. Upande wa kushoto wa kioo kulikuwa na doa. TV za chogo ndivyo zilivyo, ukiweka spika karibu, sumaku yake inavuruga rangi, na spika za kwaya ya Evelina zilikaa pale tangu Krismasi. Suzana akiwa katikati alikuwa wa njano. Akifika kushoto, kwenye jiwe, anageuka kijani kama aliyeoza. Na pale pale kwenye jiwe ndipo atakapoibuka kwenye kanda nyekundu, uso wake wote.

Kanda ikafika mwisho. Hellen akasoma. "Ishirini na mbili!"

"Amefikisha?" bibi akauliza.

"Amefikisha, mama," Venant akasema, na sauti yake ilikuwa ya kijana wa dukani. "Nipe dakika moja tu niondoe hilo doa. Sitaki umwone kijani."

Akaitoa kanda ya kwanza, akaiweka mbali, kule kwenye rafu ya nyuma, kama kazi inavyotaka. Akachukua koili yake ya kuondolea sumaku kwenye vioo, duara la waya mnene kama usukani wa lori. Alishaizungusha kwenye TV elfu moja. Unaichomeka kwenye umeme, unaizungusha mbele ya kioo polepole, halafu unarudi nyuma hatua kwa hatua huku unaizungusha, ukifika mbali unaigeuza pembeni na kuzima. Akaichomeka. Ikanguruma. Rangi za kioo zikacheza, zambarau, kijani, waridi, zikawa zinatulia. Hakutaka kumsumbua mama yake kumwinua. Akasimama ubavuni kwake, akazungusha koili mbele ya uso wake, akarudi nyuma taratibu, akipita juu ya magoti yake.

"Venanti," bibi akasema, "mbona inanguruma?"

"Ni mashine, mama."

"Hapana. Hii mkononi. Inatetemeka kama ina roho."

"Ni mashine tu, mama. Tayari."

Kioo kilikuwa safi kama siku kilipotoka kiwandani. Akaichukua kanda mikononi mwa mama yake, ya moto kidogo kwa kupakatwa. Akaiweka. Akabonyeza.

Chenga.

Akangoja. Mwanzo wa kanda huwa na chenga. Zikaendelea. Akarekebisha, akaitoa, akasafisha kichwa cha deki kwa spiriti, akairudisha. Chenga, nyeupe na nyeusi, na ndani yake kivuli kinachoweza kuwa jiwe na kinachoweza kuwa si kitu. Kwenye sauti kulikuwa na mvumo, na mahali fulani chini kabisa ya mvumo mtu akihesabu.

"Ameshatoka?" bibi akauliza, pua ikigusa kioo. "Naona weupe. Ni mapovu?"

Hellen akafungua mdomo. Evelina akamshika mkono.

Venant alikuwa anaitazama koili sakafuni. Halafu akatazama magoti ya mama yake. Miaka thelathini amewaambia watu wote waliopita kwake, ukiwasha koili, kanda zitoke chumbani. Mwenzake mmoja alishafuta kanda ya harusi ya mtu namna hiyo, na Venant akamcheka mwezi mzima.

"Ile selotepu, siyo?" Evelina akanong'ona. "Walirekodi mpira juu yake?"

Angeweza kusema ndiyo.

"Mama," akasema, "hatoki. Ilikuwa nzima. Nimeifuta mimi sasa hivi, hapo mikononi mwako. Ile mashine ndiyo inafuta."

Bibi Odeta hakugeuka. Aliendelea kutazama chenga. Mvumo ukajaa chumba, mpaka Hellen akanyoosha mkono na kupunguza sauti.

"Mara ya pili, Venanti," bibi akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu. Venant akatoka nje, akapita mbele ya kijiwe. Chenge akamwita, "Fundi, vipi, nani kashinda?" Hakumsikia. Alikaa nyuma ya choo mpaka jua likageuka, mikono imeshika kichwa, na hakuna aliyemfuata.

Jumatatu hakwenda Nyegezi. Kanda alikuwa nayo, lakini ya kupeleka hakuwa nayo. Wateja waligonga dirisha, hakufungua. Jumanne vilevile. Evelina alimwekea chakula mlangoni, na hakutaja tena mchele.

Jumatano asubuhi alisikia fimbo ya mama yake ikipapasa ukuta. Bibi Odeta aliingia peke yake, akapita kati ya maboksi, akakitafuta kigoda kwa mguu, akakaa mahali pale pale, uso kwenye kioo kilichozimwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile nyeusi unayo?"

Venant akaanza kukunja waya uliokuwa mezani.

"Nakuuliza. Unayo?"

"Ninayo. Lakini mama, wewe ulisema..."

"Najua nilichosema. Anageuka, siyo? Kabla ya kuvutwa. Wale wasichana waliniambia anageuka na uso unaonekana."

"Sekunde moja, mama. Mbili. Na anapiga kelele."

"Niwekee."

Alikwenda kwenye rafu ya nyuma, ambako koili haikufika, akaitoa chini kabisa ya kanda nyingine. Akaiweka. Akabonyeza.

Maji ya Luchelele. Jiwe. Gauni la njano, njano kama ua la alizeti, hakuna doa. Suzana akageuka. Kwenye kioo kile kilichosafishwa rangi zote zilikuwa mahali pake, hata kovu dogo juu ya nyusi alilolipata alipoanguka utotoni. Mdomo ukafunguka. Akapiga kelele, akavutwa, maji yakafunga.

Bibi Odeta alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mwanangu. Rudisha."

Venant akarudisha. Suzana akatoka chini ya maji kinyumenyume, akafunga mdomo, akasimama. Venant akabonyeza. Akageuka, akapiga kelele, akavutwa.

"Rudisha."

Akarudisha. Safari ya tano uzi mweupe ulitokea kwenye kioo, mwembamba, ukapita kwenye paji la uso wake. Venant aliujua uzi ule. Ni utepe unaanza kuchoka. Akasema, "Mama, tukiendelea hivi itakatika."

"Na macho yangu je, yatangoja?" Kiganja bado kiko pale pale. "Rudisha, Venanti."

Akabonyeza.